Kupiga Bandi

Kaka yake alikuwa ameshanyoosha kidole juu ya kitufe cha kompyuta pale fundi cherehani alipomshika mkono na kumuuliza kitafuta nini. Akajibiwa, bila wasiwasi wowote, kwamba kitafuta vyote ili mfumo mpya uingie mahali pasafi. Vyote! Humo ndimo ilimokuwa michoro ya nguo za wateja wake, watu wenye vibiongo, wenye mguu mmoja mfupi, wenye bega lililoanguka, ambao mafundi wengine huwapokea kwa kuguna.

Kompyuta ilikuwa hoi, hilo halikuwa na ubishi. Mfumo wake wa zamani ulikuwa ukizimika katikati ya kazi. Ubishi ulikuwa juu ya dawa. Mume wake alishikilia mfumo uitwao Ubuntu, kwa kuwa una watumiaji wengi na mgeni hakosi wa kumuuliza. Kaka alishikilia ule wa Mint, kwa kuwa sura yake haitamtisha aliyezoea ya zamani. Yote huria, yote ya bure, na mashemeji hao walitupiana maneno kama wanaogombea urithi. Mwenye kompyuta hakuulizwa.

"Mimi nguo naipiga bandi kwanza, mteja aivae, ndipo niishone," alisema. "Huo mfumo wenu haujaribiki?"

Unajaribika, kaka akakiri: unawashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani. Akawasha Mint. Michoro yote ikaonekana salama, na dada yake akashusha pumzi.

Ubishi ukaendelea. Mara akaingia bibi harusi mwenye kibiongo, aliyewahi kuchekwa kwenye duka jingine na ambaye hapa nusura arudie mlangoni. Fundi akampima taratibu nyuma ya pazia, wanaume wakiendelea kubishana, kisha akaingiza vipimo moja kwa moja kwenye kompyuta, kama ilivyokuwa desturi yake. Binti alipoondoka, akaizima akaenda kula.

Alipoiwasha tena, vipimo vya bibi harusi havikuwamo.

Kaka akajishika kichwa. Mfumo wa kujaribia haukumbuki kitu ukishazimwa, akasema kwa sauti ya chini, alidhani ameshamwambia. Mume akadakia kwamba angesikilizwa yeye yasingetokea. Kaka akamjibu kwamba Ubuntu nayo ingesahau vilevile.

"Nyamazeni." Fundi aliwakatiza kwa hasira, na kwa aibu pia. Amvue yule binti nguo mara ya pili! "Weka huuhuu, kando ya ule wa zamani, na usifute kitu. Huu angalau nimeshajua unaponiumizia."

Akampigia binti simu. Hakutafuta visingizio: amekosea, vipimo vimepotea, itabidi aje tena.

"Nikija," bibi harusi akauliza, "wale wanaume watakuwepo?"

Fundi akawatazama. Hakuwa amefikiri hata kidogo kwamba binti alisimama pale, nusu uchi, akisikiliza sauti zao.

"Hawatakuwepo," akasema.

Mume wake alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu. Kaka aliondoa mikono yake juu ya kompyuta, polepole.