Stima ya Pikapu

Mimi kazi yangu ni stima, si kuozesha watu. Nilimwambia Zedekiah hivyo alipokuja kibandani kwangu Ngara, jasho linamtiririka, akitaka nimwekee soketi nyuma ya pikapu yake ya kubebea mawe.

"Soketi ya nini? Unayachemshia mawe chai?"

Akanieleza. Jumapili wazazi wa Nyokabi walikuwa wanakuja Kangemi kuona nyumba atakayoishi binti yao. Mzee Gichuru alishasema binti yake haolewi kwenye nyumba isiyo na stima, na huyu bwege akamjibu kwamba stima iko. Wapi! Hata nguzo haikuwa karibu.

"Bwana Mwololo, nikimkosa Nyokabi nimekwisha," akasema, machozi yakimlenga. Nilikasirika, lakini nikamwonea huruma.

Basi nikatafuta inveta, lile sanduku zito la kugeuza umeme wa betri uwe umeme wa nyumba. Ilitoka kwenye gari bovu la kuonyesha sinema mashambani. Nikaifunga, nikapitisha nyaya, nikakaza soketi ubavuni mwa pikapu na kuifunika gunia. Nikamwonya, "Balbu moja tu. Ukiongeza kitu kingine, utajua hujui."

Jumapili hiyo pikapu ilikuwa nyuma ya ukuta, waya umeingia dirishani, na mimi, baba wa watoto wanne, nimejikunja kwenye usukani nikikanyaga mafuta. Betri ilikuwa kuukuu. Nikilegeza mguu tu, balbu inafifia. Maneno yote ya ndani niliyasikia.

"Mbona inapumua?" Mzee Gichuru akauliza.

"Ni stima ya huku, mzee. Ina presha."

"Na hilo gari linalonguruma?"

"Ni la jirani. Analipasha moto."

"Saa nzima?"

"Ni mtu mwangalifu, mzee."

Hapo Mama Wahu, mkewe Gichuru, akafungua kikapu. "Mwanangu, nimekuletea pasi ya stima. Nilipewa na tajiri wangu wa Westlands, Krismasi ya mwaka juzi. Sijawahi kuiona ikipata moto. Hebu ichomeke."

Mungu wangu! Nikapiga honi. Nikapiga tena.

"Jirani ana hasira," Mzee akasema.

Pasi ikachomekwa. Inveta ikalia, fyuzi ikalipuka, nami kwa kushtuka nikazima injini. Kimya. Kisha nikasikia bakora ya Mzee ikiufuata waya, ikazunguka ukuta, ikainua gunia. Mlango wa gari ukafunguliwa.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye stima, mzee."

Zedekiah akapiga magoti kwenye matope na suti yake ya kanisani. "Nimekosa, baba. Nilidanganya. Lakini usininyime Nyokabi."

Mzee aliipapasa ile soketi muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, hii ukiitengeneza, inaweza kufika kwangu Uthiru?"

"Kufanya nini, mzee?"

Akakohoa. Mama Wahu akasema nyuma yake, pasi mkononi, "Sema basi! Mungai wetu naye anaoa. Umewaapia wakwe kwamba tuna stima, na wanakuja Jumamosi. Kwetu ni koroboi tupu!"

Nilitamani kumtukana, hata na mvi zake hizo. Lakini mzee alikuwa ameinama. "Sikutaka Nyokabi aharibu macho kwa moshi kama mamake," akasema. "Ni hilo tu."

Jumamosi tulikuwa Uthiru, pikapu imefichwa kwenye migomba, mguu wangu kwenye mafuta, Zedekiah kando yangu amejikunyata. Mzee hakuwa amempa jibu bado. Ndani, mgeni mmoja akauliza mbona taa inapumua.

"Stima ya huku ina presha," Gichuru akajibu bila haya.

"Na hilo gari linalonguruma huko nje?"

Zedekiah akanishika mkono.

"Hilo ni la mkwe wangu," Mzee akasema. "Analipasha moto. Ni mtu mwangalifu sana."