Siku Niliyosema Chini

Miaka thelathini nimebeba mizigo ya watu, na jina la Winchi sikupewa bure. Makabati, majokofu, makasha ya chuma: yote yamepita mgongoni hapa. Kwa hiyo binti yangu alipofanywa msimamizi wa kikosi chetu cha wapakuzi, akaanza kutufundisha kuinama, nilicheka mpaka nikapaliwa. Mimi, nifundishwe kuinama na mtoto niliyemfunga nepi!

"Kunja magoti, nyoosha mgongo, mzigo ukae karibu na tumbo," akasema. "Na yeyote akisema 'chini', wote tunashusha. Hakuna kuuliza."

Kifua, mwenzetu mwenye maringo kuliko wote, akaguna. "Huyo wa kusema chini labda azaliwe kesho." Tukaangua kicheko. Kwetu sisi neno hilo lilikuwa aibu tupu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa mashine ya kukatia karatasi, chuma kitupu, ipandishwe ghorofa ya pili kwenye kiwanda cha uchapaji. Mkuu wetu alishamwambia waziwazi: kitu kikivunjika au mtu akiumia, kikosi anapewa mwingine. Hakubabaika. Akafungua vipande vilivyofunguka, akapima milango, akafuta maji kwenye ngazi, akatupanga sita: mimi na Kifua juu, wanne chini.

"Baba, mgongo vipi?"

"Salama salimini."

Uongo mtupu. Tangu juzi nilikuwa nafungwa kamba za viatu na mama yake, na nilimkataza asimwambie mtu.

Tulipofika kwenye sakafu ndogo ya kona, mgongo ukakamata. Kijasho chembamba kikanitoka. Zimebaki ngazi saba, nikajiambia, kaza roho, Winchi. Halafu nikatazama chini, nikaona nyuso nne zimeinamia chuma kile, moja ya shemeji yangu. Nikiachia, naua watu.

"Chini!" nikasema. Sauti ikatoka kama ya kifaranga.

Wakashusha. Taratibu, kwa pamoja, magoti yamekunjwa, na binti yangu akasukumia vipande vya mbao chini ya mashine mpaka ikatulia. Mimi nilikuwa nasubiri kuchekwa.

"Asante, Baba. Toka hapo," akasema, basi. Kisha akawageukia wenzangu. "Nani mwingine?"

Kifua akainua mkono, macho sakafuni. "Vidole vimekufa ganzi tangu ngazi za kwanza, bosi." Wawili wengine nao wakainua. Jamani! Kumbe wote tulikuwa tunajikaza kisabuni.

Akatupumzisha robo saa, akamwita dereva wa lori ashike nafasi yangu, akakagua mikanda ya kubebea mwenyewe. Mimi nikatangulia kufungua milango. Saa sita mashine ilikuwa juu, haina hata mkwaruzo, na watu wote wazima.

Mwenye kiwanda akanijia moja kwa moja mimi, kwa sababu ya mvi, akanyoosha mkono. "Hongera, mzee. Umewasimamia vizuri vijana wako."

Sikuupokea.

"Umekosea mtu," nikasema, kwa sauti, kila mtu asikie. "Mimi ndiye niliyeshindwa kule kwenye kona. Msimamizi ni yule pale, mwenye grisi shavuni. Mpe yeye mkono. Ni mwanangu."