Karatasi Kumi na Nne za Ozelle Dupard

Aliyegundua kwanza kwamba Ozelle Dupard anapofuka ni jamaa mmoja mpenda urembo, Tyquan, aliyekuwa anamngoja mchumba wake siku ya wageni. Ozelle alikuwa kinyozi wa bweni letu la gereza kwa miaka kumi na sita. Alikuwa akichonga mstari wa paji la uso ukadhani umepigwa kwa rula. Jumapili ile Tyquan alijitazama kwenye kioo akapiga ukelele.

"Mjomba, umenifanya nini? Hizi ni nywele au njia ya ng'ombe?"

"Tulia wewe. Kichwa chako ndicho kimepinda, mimi nimekifuata tu."

Bweni zima likaangua kicheko. Nami nikacheka. Kicheko hicho bado nadaiwa.

Jioni Ozelle akanifuata maktaba ya sheria, ambako nimekaa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mimi ni Tarver. Sikupita chuo chochote. Sheria nimejifunza kwa hasira, ukurasa baada ya ukurasa, na nilichosoma sikisahau. Akavuta kiti, akakipapasa kwanza kabla ya kukaa.

"Tarver, jicho la kushoto limeshaniaga," alisema. "La kulia linafunga virago."

Alikuwa na presha ya macho. Kwa miaka mingi zahanati ilimpa kichupa cha matone kila mwezi, na presha ikatulia. Kisha zahanati ikapewa kampuni nyingine, na matone yakakatika. Kila akienda dirishani anaambiwa: dawa imeagizwa. Daktari wa macho? Jina lako limo kwenye orodha. Orodha iko wapi? Rudi bwenini.

"Tuwashtaki," alisema.

"Bado. Lazima ulalamike kwanza."

Naikumbuka sana ile sheria ya mwaka tisini na sita. Nilikuwa ndani tayari. Wabunge kule Washington walisimama wakatucheka kwa kisa cha mfungwa aliyeshtaki kwa sababu ya siagi ya karanga, wakasema tunazichosha mahakama kwa upuuzi. Wakapitisha kwamba mfungwa hafungui kesi mpaka amalize kwanza ngazi zote za malalamiko humo humo gerezani. Ukiruka ngazi moja, kesi inatupwa. Ukichelewa siku moja, inatupwa. Na ngazi zenyewe kazijenga nani? Huyo huyo unayemlalamikia.

Hapa kwetu Cypress Fork ngazi ni mbili. Ya kwanza ni fomu ya ukurasa mmoja yenye mistari ishirini na miwili. Uandike kwa mkono wako mwenyewe, jambo moja tu, maandishi yasitoke nje ya mistari, kisha uitumbukize kwenye sanduku la chuma karibu na ukumbi wa chakula. Bi Comeaux wa ofisi ya malalamiko huisoma. Akiipokea, ndipo unahesabiwa kuwa umekanyaga ngazi ya kwanza, na unaweza kukata rufaa, ambayo ndiyo ya pili. Akiikataa, anabaki nayo, na wewe unaletewa kikaratasi kidogo kilichowekwa alama ya vema kwenye sababu. Unaanza upya.

Ozelle akaandika. Baada ya siku nane kikaja kikaratasi: *Maandishi yametoka nje ya mistari.*

"Mjomba, mstari ni mstari," nilimwambia. "Usiwape sababu hawa. Kaa chini, andika taratibu."

"Nimekusikia."

Akaandika ya pili. Nje ya mistari. Akaandika ya tatu. Nje ya mistari. Niliomba ruhusa nimwandikie mimi. Nikajibiwa kwamba mfungwa Dupard ana kazi ya kinyozi, mtu anayeweza kushika mkasi anaweza kushika kalamu. Nikamwambia basi aiache hiyo kazi, tuwaonyeshe kwamba haoni.

"Wanipeleke wapi? Wadi ya nyuma?" aliuliza.

Wadi ya nyuma ndiko wanakopelekwa wasiojiweza. Nimehesabu walioingia kule kwa miguu yao. Waliotoka kwa miguu yao sijahesabu, kwa sababu hakuna.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sijawahi kuona katika miaka yangu yote ya ndani. Kinyozi asiye na wateja hufutwa kazi baada ya mwezi. Sasa hawa watu wa bweni letu, watu wanaoweza kupigana kwa ajili ya pakiti ya tambi, walianza kukaa kwenye kiti cha Ozelle mmoja mmoja. Hawakuitisha kikao. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Wa kwanza alikuwa Tyquan.

"Haya Mjomba, nichonge. Lakini sikio uniachie, nalihitaji."

"Ukitikisika nalichukua."

Miezi kumi na tano bweni zima lilitembea na vichwa kama mashamba yaliyopitiwa na nguruwe. Mabweni mengine yalitucheka kwenye foleni ya maharage. Afande Skaggs alisimama siku moja mbele yetu wakati wa kuhesabiwa, akatutazama kichwa baada ya kichwa.

"Nyie mna ugonjwa gani?"

"Ni mtindo, Afande," Tyquan alisema. "Wa mjini. Huku kwenu haujafika."

Hakuna aliyecheka. Walisimama wima na makovu yao kama wanajeshi wenye nishani.

Na Ozelle akaendelea kuandika. Siku hizo alikuwa hanionyeshi fomu. Alikwenda mwenyewe kwenye sanduku, mkono ukifuata ukuta. Kwangu vilikuja vikaratasi tu. Cha tisa: nje ya mistari. Cha kumi: nje ya mistari. Cha kumi na mbili: haisomeki. Nami kila mara nilimkaripia kwa upole, kama mwalimu mjinga anayemkaripia mtoto mwenye homa kwa kusinzia. Kilipofika cha kumi na nne nikasema yatosha. Nikaandika hati ya mashtaka, tukaipeleka mahakamani.

Serikali ilijibu kama nilivyojua itajibu. Haikusema lolote kuhusu jicho. Ilisema Dupard hakumaliza ngazi, hata ya kwanza hajaikanyaga, kesi itupwe. Ikitupwa, muda wa kulalamika umeshapita, na lango limefungwa moja kwa moja. Zahanati yenyewe ilikuwa imeandika kwenye faili kwamba jicho la kulia bila bingwa lina miezi michache tu.

Jaji Whitcomb aliitisha kikao kuhusu jambo hilo moja: je, alimaliza ngazi au hakumaliza? Aliagiza pia ofisi ya malalamiko ilete fomu zenyewe alizoziandika, siyo nakala.

Walitupeleka kwa gari, pingu mikononi na minyororo miguuni. Mimi nilikuwa shahidi. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, chenye dirisha refu upande wa mashariki na meza ndefu katikati. Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye mafua, kila mara akipangusa pua. Wakili wa serikali, Bwana Pruitt, alikuwa na sura ya mtu ambaye hajawahi kulala na njaa.

"Mheshimiwa," alisema, "gereza lilimpa mlalamikaji nafasi kumi na nne. Kumi na nne! Kanuni ni nyepesi, na zimebandikwa ukutani. Amezivunja kila mara. Ushahidi huu hapa, vielelezo namba moja hadi kumi na nne."

Akatoa bahasha. Alijivunia wingi wa fomu. Fomu zilikuwa zimechanganyika, ya saba juu ya ya pili. Jaji akazichungulia, akakunja uso.

"Zina tarehe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Muhuri wa ofisi."

"Basi nizipange."

Alishuka kitini pake. Katika maisha yangu sijawahi kumwona jaji akishuka. Akaja kwenye ile meza ndefu, akaanza kuziweka moja kando ya nyingine kwa tarehe, kutoka kushoto kwenda kulia. Nilikuwa nimekaa hatua tatu tu kutoka hapo. Nikaona.

Ya kwanza ilikuwa na mwandiko wa kinyozi: herufi ndogo, safi, zimekaa kwenye mstari kama waumini kwenye mabenchi. Herufi mbili tu, mwisho wa mstari wa kumi, ndizo zilizoteleza. Ya tatu, mikia ya herufi ilianza kuning'inia. Ya tano, herufi zilikuwa zimekua kwa nusu. Ya saba, sentensi ilianzia mstari mmoja ikamalizikia mstari wa chini yake, kama mtu anayeteremka ngazi bila kujua kwamba anateremka. Ya tisa, mistari miwili iliandikwa mmoja juu ya mwingine, maneno yamelaliana. Ya kumi na moja, herufi zilikuwa kubwa kama za mtoto, na "jicho" lilichukua nusu ya upana wa karatasi.

Miezi yote ile nilikuwa nikiona kosa, kosa, kosa. Kumbe mtu alikuwa anaandika kupofuka kwake kwa tarehe, kwa muhuri wa ofisi, na ofisi ikamhifadhia. Hakuna bingwa duniani ambaye angeweza kuchora giza likiingia jichoni kwa usahihi ule. Serikali yenyewe ndiyo iliyolileta mezani, kwa bahasha, kwa majivuno.

Jaji alifika kwenye ya kumi na mbili akasimama. Nusu ya juu ilikuwa na maandishi. Nusu ya chini ilikuwa nyeupe.

"Bwana Dupard, hii mbona hukuimaliza?"

Ozelle alielekeza uso kwenye sauti. "Nilimaliza zote, Mheshimiwa. Mpaka chini."

Pale nilielewa, na nadhani jaji alielewa kabla yangu. Wino uliisha. Wino uliisha katikati ya ukurasa, naye hakuona, akaendelea kuandika.

Jaji aliichukua ile karatasi akaenda nayo dirishani. Akailaza karibu na kioo, jua la asubuhi likaipiga kwa ubavu, na mifereji ya kalamu kavu ikajitokeza. Akasoma kwa sauti, taratibu, akisimama kila neno:

"Naomba... mnisaidie mapema. Bado... naona... dirisha."

Karani aliyekuwa akipiga chapa aliacha mikono yake hewani juu ya mashine. Afande aliyetuleta, mtu mzima na bunduki yake, alivua kofia. Sijui kwa nini aliivua. Nadhani naye hakujua. Nimesoma vitabu vya sheria miaka ishirini na saba kutafuta neno lenye nguvu. Sijawahi kukutana na neno kama lile lisilokuwa na wino.

Jaji alirudi mezani na ile karatasi mkononi.

"Bi Comeaux, ulipopokea hii ulifikiri nini?"

Bi Comeaux, aliyeletwa kuwa shahidi wa serikali, alikuwa mwanamke wa kawaida, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. "Kwamba haisomeki, Mheshimiwa."

"Na mwandishi wake?"

"Kazi yangu ni karatasi, Mheshimiwa. Watu wana ofisi nyingine."

Bwana Pruitt alisimama, akatazama zile karatasi kumi na nne zilizojipanga. Kisha akaomba dakika kumi. Aliporudi alisema serikali, bila kukiri kosa lolote, itampeleka Dupard kwa bingwa wa macho kabla ya wiki kwisha. Bila kukiri kosa! Hata mtu anapozama wanamtupia kamba na kumsainisha kwamba maji hayakuwepo.

Uamuzi uliandikwa siku hiyo hiyo, kurasa nne. Sheria, alisema jaji, inamtaka mfungwa apande ngazi iliyopo. Ngazi ambayo asiyeona hawezi kuipanda kwa sababu ya kutoona, na kutoona ndiko anakolalamikia, kwa mtu huyo haipo. Kesi isonge mbele.

Isonge mbele, maana yake ndiyo kwanza inaanza. Itachukua miaka. Naijua mikono yao.

Walimpasua Alhamisi. Alirudi Jumanne, bandeji kwenye jicho la kushoto, kifuniko cha plastiki kwenye la kulia. Bingwa alimwambia la kushoto limekufa. La kulia limebakiwa na tundu katikati, ataona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na matone asikose hata siku moja. Bweni zima lilijifanya lina shughuli, huyu anakunja shuka, yule anafunga kiatu kilichofungwa.

Ozelle alikaa kitandani pake, akatoa kifuniko. Akageuza kichwa polepole, kama mtu anayemulika tochi chumbani, sentimita kwa sentimita, akapita ukuta, akapita feni, akamfikia Tyquan. Akakaa pale pale kwenye kile kichwa, muda mrefu.

"Mungu wangu," alisema. "Nani kakufanyia hivyo?"

"Wewe, Mjomba."

Akahamia kwa wa pili. Akahamia kwa wa tatu. Tundu lake dogo lilipita bwenini kichwa baada ya kichwa, watu arobaini na wawili, na kila lilipofika mtu alisimama, akainamisha kichwa ili aone vizuri. Alipofika kwa wa mwisho alikuwa analia kwa jicho lile moja, na bingwa alikuwa amemkataza kulia.