Mkaa Uliogeuka Hewa

Mwalimu Theonest alijuta kufungua mdomo. Jumamosi moja ya mwaka 1955, uani Kinondoni, alimwambia mwenye nyumba wake, Bi Badriya muuza mkaa, kwamba ndani ya mkaa mna atomi chache sana za kaboni ambazo siku moja hugeuka naitrojeni, yaani hewa.

"Ndiyo maana magunia yangu yanapungua!" Bi Badriya alimaka.

Wapangaji, ambao ndio waliokuwa wakiyadokoa, waliitikia kwa pamoja kwamba sayansi haisemi uongo.

"Nionyeshe, mwalimu. Nione kwa macho yangu."

Ikabidi wakusanywe watu ishirini. Sita aliwaita protoni, wanane nyutroni, akawabananisha katikati ya ua wawe kiini. Sita waliobaki, elektroni, wakawa wanawazunguka: wawili karibu, wanne mbali.

"Genoveva, wewe nyutroni. Geuka protoni."

"Nageukaje?" aliuliza Genoveva, mshona nguo wa chumba cha pili.

"Unatoa elektroni. Haikuwa imejificha ndani yako. Inazaliwa papo hapo, inafyatuka, inakwenda zake."

Genoveva akawaza, akamnyakua kuku aliyekuwa akidonoa miguuni pake, akamrusha. Kuku akaruka uzio wa makuti, asionekane tena. Genoveva akajishika kifua. "Jamani, najiona tofauti."

"Naam! Protoni zimekuwa saba, hii si kaboni tena, ni naitrojeni. Elektroni bado sita. Kiini kinavuta zaidi, sogeeni ndani kidogo. Imepungua moja, atomi itadaka yoyote inayopita."

Aliyepita ni Wilbert, karani wa serikali, faili kwapani. Wakamvuta kwenye mzunguko wa nje, akawa wa tano.

"Nina barua ya Bwana DC!"

"Zunguka!"

Akazunguka. Wenzake walipochoka, yeye hakusimama. Theonest akamsihi apumzike.

"Niache, mwalimu. Ofisini mwezi wa tatu huu sina hata kiti. Hapa nina nafasi yangu."

Theonest akamwacha azunguke.

"Kwa hiyo sina wezi," Bi Badriya alisema, ametulia.

"Bibi, hata hizo atomi chache, nusu yake tu kugeuka ni zaidi ya miaka elfu tano."

Bi Badriya akawatazama wapangaji, mmoja mmoja. Tangu siku hiyo magunia yalilala uvunguni mwa kitanda chake, na kwa wiki mbili hakuna aliyemsalimia mwalimu.

Wilbert alirudi Jumatatu na godoro kichwani, akauliza kama kuna chumba, hasa upande wa nje.