Jiwe Tulilotaka Kulichoma

Kibiriti kilikuwa mkononi mwangu mimi, Ndunge. Nataka hilo lijulikane mapema, maana siku hizi kila mtu kijijini anadai ndiye aliyeliokoa lile jiwe, hata mzee Mutisya ambaye siku hiyo alikuwa Mutomo akinunua mbuzi.

Kikundi chetu ni cha akina mama na wazee wachache, na kazi yetu ni ya mwethya: leo tunalima kwako, kesho tunajenga kwangu, na asiyetokea anasemwa mpaka masikio yamwashe. Mwaka huo tulikuwa tunajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto wetu, ambao una maji wiki chache tu kwa mwaka. Ukuta kama huo hunasa mchanga wa mafuriko, na mchanga nao huyaficha maji hadi kiangazi. Unachimba kwa mkono, unakunywa.

Ukuta wetu wa kwanza, wa mwaka uliotangulia, ulinasa matope matupu. Ng'ombe wawili walikwama humo. Mwenyekiti wetu, Kathini, ndiye aliyewashawishi watu waujenge, na tangu hapo akipita sokoni wanamuuliza kilo ya matope ni pesa ngapi. Alituambia wazi kwamba huu wa pili ukiharibika, anaachia uenyekiti na kikundi kivunjwe. Bila Kathini hakuna kikundi, na bila kikundi tunarudi kufuata maji na punda siku nzima.

Tuliamini ukuta wa kwanza ulishindwa kwa kuwa mfupi. Huu tuliutaka mrefu kwenda juu, tena uishe wote kabla ya mvua ya Novemba. Mawe tuliyokuwa tumekusanya hayakutosha, lakini palepale ukingoni kulikuwa na mwamba mpana wenye mistari, mmoja mweupe, mmoja mweusi unaometameta, hivyo hivyo hadi mwisho. Mwamba mkubwa hatuugongi kwanza. Tunaupangia kuni, tunauchoma mpaka uive, kisha tunaumwagia maji, nao unapasuka wenyewe. Kuni zilikuwa zimepangwa tayari. Niliposhuka na kibiriti, nikamkuta Naila amezikalia.

Naila ni binti wa Hemedi, mwenye duka la vitambaa kule Mwingi. Anasomea mawe chuo kikuu, na wiki nzima alikuwa akizunguka mtoni kwetu na nyundo yake ndogo. Nilimwona kwa macho yangu akilamba jiwe. Mtoto wa watu, nikasema, jua limemfikia.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, toka hapo," nilimwambia. "Hiyo kuni si kiti."

"Mama Ndunge, nisikize kidogo tu. Hii mwamba ikipasuka, hakuna ingine."

"Mawe huku iko mingi kuliko watu!"

"Iko mingi, lakini karibu yote imepikwa huko chini ya ardhi mpaka ikasahau ilikuwa nini. Hii bado inakumbuka."

Kathini alikuwa amefika nyuma yangu, mikono kiunoni. "Inakumbuka nini?"

"Bahari," Naila akasema.

Tulicheka wote ila Kathini, mpaka Musyimi, fundi wetu, akaweka mwiko chini. Sisi tunaooga kwa kikombe, tuambiwe habari ya bahari! Naila hakukasirika. Alichukua chupa tupu ya soda, akatia konzi ya mchanga na udongo wa mtoni, akajaza maji, akatikisa, akampa Kathini. "Shika hivyo. Usitikise."

Mchanga mzito ulitua kwanza. Udongo laini ulibaki ukielea, kisha ukashuka taratibu na kulala juu ya mchanga. Chupa ikawa na mistari miwili.

Hapo Naila akatueleza. Zaidi ya miaka milioni mia sita iliyopita, kabla hata ya samaki wa kwanza, mahali tuliposimama palikuwa chini ya kilindi cha bahari, giza tupu. Mito ya nchi kavu ilileta mchanga ukarundikana pembeni. Rundo likizidi uzito lilibomoka na kuporomoka chini ya maji, mchanga na matope pamoja, mbio, mpaka sakafu ya bahari. Huko mchanga ulitua kwanza na matope yakafuata. Pakawa kimya miaka mingi, kisha likaja poromoko lingine juu yake. Baadaye nchi mbili zikasukumana, bahari ikafungwa katikati, na mchanga ule ukashindiliwa na kupikwa ukawa jiwe. Mistari myeupe ndiyo mchanga. Ile inayometameta ilikuwa matope.

Mimi sipendi kudanganywa mchana kweupe. Niliinama nikautazama ule mwamba vizuri: kila mstari mweupe ulififia taratibu kuwa mweusi upande wa chini, lakini upande wa juu ulikatika ghafla.

"Wewe Naila, kwa chupa mchanga iko chini. Hapa kila pahali mchanga iko juu, matope iko chini. Sasa?"

Alipiga makofi, akaruka kutoka kwenye kuni. "Nilikuwa nangoja mtu aone hiyo! Hizo nchi zikisukumana zilipindua kila kitu hapa. Hii mwamba iko kichwa chini, mama, kama ugali ikigeuzwa kwa sahani."

Niliweka kiganja juu ya jiwe. Tangu niolewe nimeanika mtama hapo, nimewachapa wanangu hapo, sikuwahi kuliuliza lolote. Niliogopa, kusema kweli, halafu ile hofu ikageuka furaha kubwa ambayo sikujua niipeleke wapi. Mikono iliyogeuza mlima kama ugali ni mikono gani? Mungu wetu ni mkubwa, na sisi tulikuwa tunataka kuuchoma mwamba wake.

Kathini alikuwa bado anatazama chupa.

"Matope inashuka saa gani?" akauliza.

"Maji ikitulia."

"Na isipotulia?"

"Inapita nayo."

Kathini aliketi juu ya kuni, taratibu, akaishika chupa kwa mikono miwili. "Basi ile ukuta yetu haikuwa fupi. Ilikuwa ndefu sana. Tulijenga yote mara moja, maji ikapata pahali pa kulala, na matope ikalala nayo."

Akaendelea mwenyewe: tujenge chini kwanza, mafuriko yaache mchanga na yaruke na matope yake. Mwakani tuongeze, na mwaka unaofuata tena. Haba na haba hujaza kibaba. Na kwa ukuta mfupi, mawe tuliyokuwa nayo yalitosha.

"Ukuta ya magotini!" Musyimi akalalamika. "Watu watatucheka."

"Si wamezoea," Kathini akasema.

Nilirudisha kibiriti mfukoni. Zile kuni tulipikia wajenzi muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe.

Novemba mafuriko yalikuja mara mbili. Maji yalipokwisha tukashuka wote mtoni, Naila naye, aliyerudi kutoka chuoni kwa ajili hiyo tu. Nyuma ya ukuta palikuwa pamejaa, lakini juu palikuwa na matope. Musyimi alitazama pembeni.

Kathini alipiga magoti. Aliyakwangua yale matope kwa vidole, na yalikuwa utando mwembamba tu. Chini yake palikuwa na mchanga, mchanga mnene na safi, mkono ukazama hadi kiwikoni. Shimo likaanza kujaa maji.

Hakunywa. Alichukua kikombe chake, akakata kwa vidole bonge ambalo halijaguswa, mchanga chini na matope juu, akalitia humo vilevile mpaka kikajaa. Akapanda nacho hadi kwenye mwamba, sote nyuma yake, akakipindua juu ya jiwe kama ugali. Mchanga ukakaa juu, matope chini, kando ya mstari uliokuwa vivyo hivyo.

"Naila," akasema, "hii yetu itakuwa jiwe lini?"

"Tusingoje, mama."

Kathini akacheka, mara ya kwanza tangu ng'ombe wale wakwame. Kisha akarudi shimoni, akakisuuza kikombe, akanywa, akanipa mimi.