Mnara Uliozibwa Koo

Mjini Yazd, binti akipata mimba ya kwanza hurudi kwao kujifungua, na haondoki mpaka arobaini yake itimie. Behjat alikuwa ameisubiri heshima hiyo tangu siku alipomwoza Mahsima kwa kijana wa Shahr-e Kord, kule milimani ambako watu hujifunika blanketi hata kiangazi. Mkwewe, Siamak, alijaribu kusema kwa adabu zote kwamba mwezi wa Tir, joto likiwa limepamba, mjini Yazd haumfai mtoto mchanga. Behjat akamkata kauli.

"Baba, mimi mwenyewe nilizaliwa Tir, tena mtaa huu huu. Niliyeyuka?"

Sasa alikuwa ameketi sakafuni, mjukuu mapajani, na maneno yale yakimrudi kama kiungulia. Kitoto kile, Rokhsareh, kilikuwa kimelegea. Mashavu mekundu, midomo mikavu, na akiwekewa ziwa mdomoni analiachia na kugeuza uso, hana hata nguvu ya kulia. Mahsima alikuwa amelia mpaka naye akakauka.

Transfoma ya mtaa ililipuka jana mchana, na mafundi walikuwa wakisema "leo leo" kwa namna ile mafundi wanavyosema. Ndipo Behjat alipojua jinsi nyumba yake ilivyokuwa imezoea kelele. Kiyoyozi cha maji kilikuwa kikiwashwa joto linapoanza na hakizimwi mpaka majira ya kukomaa makomamanga. Majokofu mawili yalinguruma, moja likiwa na maji ya kunywa tu. Televisheni ilijiongelesha yenyewe kutwa nzima. Mapazia yalifungwa kuzuia jua, na kwa kuwa mapazia yalifungwa, taa ziliwaka mchana kweupe. Mtu akitoka chumbani hazimi kitu. Jalil, mumewe, alikuwa na duka la halua na vitamu, na alipenda kusema kwamba nyumba yenye taa ndiyo yenye baraka. Na sasa baraka zote zimenyamaza, joto limeingia ndani kama mdai.

Asubuhi walikuwa wamempeleka mtoto zahanati. Muuguzi alimgeuza huku na huku, akasema, "Hana ugonjwa. Ana joto. Mpoozeni, anyonye. Ikifika jioni hajanyonya, mkimbizeni hospitali, msingoje."

Walijaribu. Walikaa ndani ya gari la Jalil lenye kiyoyozi mpaka injini ikachemka na kufuka moshi mbele ya macho ya majirani. Walimpangusa kwa kitambaa cha maji, na maji yakakauka kabla kitambaa hakijafika miguuni. Halafu simu ikalia.

"Mama, nimeshatoka," alisema Siamak. "Alasiri nitakuwa hapo. Nawachukua wote wawili."

Behjat alikata simu. Aliijua njia ile. Jangwa tupu, lami inayong'aa kama maji, na gari la Siamak lilikuwa kuukuu kuliko la Jalil. Mtoto asiyenyonya atawekwa ndani ya bati lile kwa saa ngapi, na afike katika hali gani? Lakini atawezaje kumwambia baba wa mtoto, "Mwache hapa," wakati hapa ndipo mtoto anapozimika? Kama Rokhsareh hatanyonya kabla mlango haujagongwa, bibi hana neno.

Kwa mazoea tu, alimlaza mtoto pale pale anapolazwa siku zote, chini ya mdomo wa kiyoyozi. Mdomo huo ulitoka kwenye dari la ukumbi, mahali ambapo zamani mnara wa upepo wa nyumba, uliojengwa juu ya paa kukamata hewa, ulikuwa umefungua koo lake. Jalil, mwaka waliooana, alipitisha bomba la bati ndani ya mnara, kisha akaziba nafasi yote iliyobaki kwa mbao na jasi ili ubaridi wa kiyoyozi usitoroke. Yazd nzima ilifanya hivyo, na ilionekana ni maendeleo.

Behjat akainua uso. Kuna kitu kilikuwa kinavuma mle ndani.

Alishika pumzi. Nje uani hakuna jani la mkomamanga lililotikisika. Lakini ndani ya bati, juu kabisa, kulikuwa na mvumo mzito usiokatika, na kwenye ufa mdogo wa jasi ulipita uzi wa hewa mwembamba hivi, uliotosha kuitikisa nguo ya mtoto.

"Jalil! Njoo usikie. Huku chini tunakufa kwa kukosa upepo, na upepo uko juu ya vichwa vyetu unagonga mlango!"

Jalil alikuja akijipepea kwa sinia la halua. "Sasa?"

"Sasa toa jasi."

"Wee mwanamke! Kazi ya mkono wangu ile. Jasi ile haitoki hata kwa baruti."

Ilitoka kwa pigo la kwanza. Jalil alisimama juu ya ngazi na nyundo yake, mdomo wazi, huku kipande kikubwa kama trei kikishuka na kupasukia juu ya zulia. Mahsima alikuwa ameshamkimbiza mtoto chumba cha pili. Zikafuata mbao, bati, viota vya njiwa, manyoya, vumbi la miaka yote ya ndoa yao, na kiatu kimoja cha mtoto ambacho mpaka leo hakuna anayejua kilifikaje huko.

Halafu ukashuka upepo.

Ulishuka kwa nguvu, kama mtu aliyefungiwa nje siku nyingi, ukapeperusha mapazia na kuzungusha vumbi ukumbi mzima. Behjat akafumba macho kuupokea. Akayafumbua mara moja. Ulikuwa wa moto! Ulikuwa jangwa lenyewe, limekunjwa na kuletwa ndani.

"Mama, funga!" Mahsima alipiga kelele mlangoni. "Hii ni pumzi ya tanuri!"

"Tanuri nalijua mimi," Jalil alisema kutoka juu ya ngazi, uso umepauka kwa jasi. "Nimeoka maisha yangu yote. Hili ni tanuri, tena limeiva. Leta unga, Behjat, tusipoteze moto."

Machozi yalimlenga Behjat, na alikuwa na hasira nayo. Mfa maji haachi kutapatapa, alijisemea, na mimi nimetapatapa nikamwongezea mtoto joto. Alisimama pale pale upepo unaposhukia, hajui afanye nini na mikono yake.

Ndipo akaona kitambaa cha kufumwa kilichofunika televisheni. Kilikuwa kinapepea, lakini hakikupepea kutoka juu. Kilipepea kutoka chini. Upepo ulishuka, ukaipiga meza ya televisheni, ukapenya kwenye nyufa za mbao chini yake, na kule chini ukatoa sauti kama mtu anayepuliza chupa tupu.

Aliweka mkono kifuani. Chini ya mbao zile kulikuwa na hodhi. Na aliyeifunika ni yeye. Mahsima alipoanza kutambaa, Behjat hakulala kwa hofu kwamba mtoto atatumbukia, mpaka alipoita seremala, maji yakatolewa, mbao zikapigiliwa, zulia likatandikwa. Meza ya televisheni ilikuja baadaye kwa kuwa nafasi ilikuwa wazi. Mume aliziba upepo, mke akaziba maji, na kila mmoja alidhani anaitunza nyumba.

"Shuka, Jalil. Shika upande huo wa meza."

"Na televisheni?"

"Iende uani ikaangalie jua."

Waling'oa mbao. Hodhi ilikuwa pale, vigae vyake vya buluu vimejaa midoli ya Mahsima na ganda kavu la tikiti, vilivyoangukia humo kabla seremala hajapigilia. Lakini bomba la jikoni lilitoa matone mawili likakohoa, maana pampu nayo hula umeme. Bomba pekee lenye maji lilikuwa la kichochoroni. Jirani yao Ozra, aliyekuja kuona nyumba ya nani imeanguka, alichungulia ndani, akamwona Jalil mweupe pe, akashika kiuno.

"Hajj Jalil, umekufa lini mbona hatujaambiwa?"

"Ozra, siyo leo."

"Nilikwambia siku ile ulipokuwa unaziba. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ukaniambia mimi mshamba."

"Maji, dada yangu," alisema Behjat. "Maji kwanza. Utamtukana baadaye, nitakusaidia."

Ozra hakuuliza zaidi. Alitoka kichochoroni akapaza sauti, na wanawake wa mtaa ule, ambao nao walikuwa wamekaa majumbani wakiivishwa, wakatoka na sufuria, ndoo, birika za chai, hata beseni la kuoshea maiti la msikitini. Maji yakapita mkono kwa mkono. Hodhi ikanywa. Vigae vilivyokuwa vimekauka vikanywa kabla ya hodhi, udongo wa kuta ukatoa harufu ya mvua ya kwanza, na mtu mmoja akasema "Mungu wangu" bila kujua kwa nini.

Kwanza ubaridi ulikuja miguuni. Behjat alidhani amekanyaga maji. Aliangalia chini, zulia lilikuwa kavu. Hewa ilikuwa inatoka koo la mnara ikiwa ile ile ya moto, inaangukia uso wa maji, maji yanakunjana na kutetemeka, na ikiondoka hapo inakuwa hewa nyingine kabisa. Ilitambaa sakafuni, ikapanda magotini, ikamfika kifuani. Jasho lililokuwa limemganda mgongoni likapoa mpaka akajikunyata. Hakuna aliyebonyeza kitu. Hakuna kilichonguruma. Ulisikika mvumo wa juu tu, na maji yakigusana na vigae.

Wanawake waliacha kuongea, na wanawake wa mtaa ule hawakuwahi kuacha kuongea. Jalil alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili.

Behjat aliinua uso kulitazama koo la mnara. Aliogopa, kweli aliogopa, kama mtu anayegundua kwamba kuna mtu amekuwa akimngoja nyumbani kwake siku zote. Aliyeujenga mnara ule hakuandika jina lake popote. Hakuwa na waya wala mota. Alikuwa na tope, na alikaa akaujua upepo wa Yazd unatoka wapi na unataka kwenda wapi, akautengenezea njia, akauwekea maji mahali pa kupumzika, akafa. Na Behjat alikuwa amepika, amezaa, amezeeka chini ya kazi ile, akiiita mahali pa njiwa. Kila siku alikuwa akinunua ubaridi, na ubaridi ulikuwa wake. Alitaka kuomba radhi na hakujua amwombe nani.

"Mlete mtoto," alisema, na sauti ilimtoka ndogo.

Mahsima aliketi ukingoni mwa hodhi na Rokhsareh. Nguo ya mtoto ilitikisika. Zile nywele chache zilizokuwa zimegandana kwenye utosi zikakauka, zikasimama, zikaanza kucheza. Wekundu ukapungua mashavuni taratibu. Kisha mdomo ukafunguka, ukatafuta kushoto, ukatafuta kulia, ukalipata ziwa. Wote wakasikia akimeza. Alimeza tena. Mahsima akauma midomo asilie kwa sauti, na Ozra, mwenye ulimi kuliko mtaa mzima, akageukia ukuta akijipangusa kwa ncha ya chador yake ya kujitanda.

Umeme ulirudi alasiri. Mtaa ulipiga salawati, na kule uani televisheni, ambayo Jalil aliichomeka ili aijaribu, ikaanza kumwambia mkomamanga habari za hali ya hewa. Kiyoyozi kikaamka juu ya paa kwa kishindo. Ukumbini taa zikawaka zote. Behjat aliinua macho kumtazama mumewe. Jalil akaenda kwa vidole vya miguu mpaka kwenye swichi. Alizima taa. Alizima kiyoyozi. Alikwenda uani, akamnyamazisha mtangazaji katikati ya neno, akarudi kupitia jikoni na kulichomoa lile jokofu la maji ya kunywa. Hakuna aliyemtuma. Mwanga uliobaki ulitoka uani, mlaini, na ulitosha kabisa.

Siamak aliingia akiwa na funguo za gari mkononi, shati limemgandia, macho mekundu kwa njia. Hakusalimia. "Yuko wapi? Mama, usinikatalie leo. Nimeacha injini inawaka ili gari lisipate..."

Alikuwa amefika pale ambapo hewa inapita. Alitazama dari lililobomoka, akatazama hodhi, midoli iliyorundikwa pembeni, mkewe ukingoni ameweka miguu majini, na mwanawe aliyekuwa ananyonya kwa pupa, ngumi moja imeshika ukosi wa mamake.

Aligeuka akatoka nje, na Behjat akasikia nyayo zake zikiharakisha kichochoroni kuelekea kwenye gari. Sawa, alijiambia. Ni mwanawe. Ameshanyonya, ana nguvu ya safari, na mimi sina haki ya kumzuia. Akainuka kwenda kufunga uji wa zafarani wa mzazi ili wale njiani.

Kule nje injini ilizimwa.

Siamak alirudi amebeba begi lake mwenyewe. Aliliweka chini polepole karibu na mlango, akavua viatu, akasimama peku juu ya zulia lile la baridi, akanong'ona ili asimshtue mtoto.

"Mama, mimi mtanilaza upande gani?"