Kumwita Odoch Kutoka Darajani

Daraja lile la reli lilivuka bonde la mto kule milimani magharibi, juu mno, hata mawingu yalipita chini yake. Kazi ya baba yangu, Odoch, ilikuwa kulipaka rangi. Akifika ng'ambo, kutu imeshaanza alikotoka, anarudi. Siku moja alianguka, na mto haukumrudisha. Wakubwa wa reli wakasema alikuwa amelewa. Odoch, mtu wa kunywa maziwa tu! Waliosema hivyo wamesahau. Mimi sijasahau.

Kwetu Waacholi, aliyefia mbali huitwa kwa jina pale alipofia, kisha huletwa nyumbani kwa tawi la olwedo, mti wetu wa baraka. Njiani hugeuki nyuma wala husemi neno mpaka mlangoni. Ukisema, anakuacha, anarudi alikolala. Mama yangu, Amito, hakuwahi kufika kule. Kwanza vita, kisha reli ikafungwa, kisha magoti. Halafu tukasikia daraja limekatwa vipande, limeletwa Kampala, kwenye yadi ya vyuma chakavu chini ya kilima cha Bugolobi, liyeyushwe liwe nondo za magorofa ya watu.

"Twende," akasema Mama.

"Mama, mtu huitwa mtoni, si kwenye vyuma."

"Mto ulimpokea tu. Kitu cha mwisho alichoshika ni chuma. Na wewe Opoka, mdomo wako huo unaohutubia soko zima la Kikuubo, leo ufunge."

Langoni tulimkuta mlinzi, Tresor, Mkongomani. Mama akamweleza yote. Akajikuna kichwa.

"Mama, nimechunga saruji, nimechunga matofali. Muzimu sijachunga bado."

"Basi leo umepandishwa cheo, mwanangu."

Akacheka, akafungua. "Muende mbio. Patron iko anakula."

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na ukungu ulipanda kutoka kwenye vyuma. Mama akaweka kiganja juu ya kipande chenye rangi ya kijivu bado.

"Odoch! Odoch! Twende nyumbani."

Vipande vikaanza kuinuka. Taratibu, nguzo juu ya nguzo, mpaka juu ya magorofa ya Bugolobi, na chini ya miguu yangu nikasikia mto. Juu kule mtu mwenye brashi alikuwa anakuja, bila haraka, akitazama pa kukanyaga. Tawi mkononi mwa Mama likainama kama lililotuliwa na ndege.

Tukageuka kwenda. Mwenye yadi akatokea akichokonoa meno.

"Nyie! Mmeiba nini?"

"Patron," Tresor akamjibu, "wamekuja kumutwaa tu baba yao, ule mwenye alianguka pa daraja."

"Mtu anaangukaje darajani? Si mlevi huyo!"

Jibu lake nimelibeba tangu utotoni. Lilijaa mdomoni kama tonge la posho ya moto. Mama hakunigusa, hakunitazama. Lile tawi tu lilipita mbele ya uso wangu, jani kwa jani, likielekea Kisugu, nyumbani kwetu. Nikameza. Tukatembea. Majirani wakatusalimia, wakanuna tulipopita kimya, na ukungu ukaja nasi kichochoro kwa kichochoro.

Mlangoni Mama akasimamisha tawi ukutani, akatenga sahani ya malakwang, mboga aliyoipenda Baba.

"Haya, sema sasa."

Nilikuwa na mengi. Nikasema, "Karibu nyumbani, Baba," nikasogea pembeni apate kupita.